Walioondoka Bila Kuaga

Kila chama katika World of Warcraft kina daftari la wanachama. Ukilifungua unaona jina la kila mmoja, kazi yake vitani, daraja alilofikia, na kwa yule ambaye hayumo mchezoni saa hiyo, unaona muda uliopita tangu aonekane mara ya mwisho: saa tatu, siku mbili, miezi minane, mwaka. Majina ya waliopo yanang'aa, ya wasiokuwapo yamefifia. Katika chama changu ulifika wakati ambapo ukurasa mzima ulikuwa umefifia na juu kabisa yaking'aa majina mawili au matatu, langu likiwamo.

Ukiwauliza watu kwa nini mchezaji huacha michezo hii ya mtandaoni, ile ambayo maelfu wanaishi katika dunia moja na kila mmoja ana mhusika wake anayemkuza kwa miaka, wengi watakujibu haraka: amechoka, amekua, amepata kazi, ameoa. Sina ugomvi na majibu hayo, ila naona yanaishia mlangoni. Nimekesha na wachezaji hawa miaka, nikawaona wakija na wakipotea, na ninachoamini ni hiki: mchezo wa namna hii humshika mtu kwa sababu wenzake wanamtegemea, na kutegemewa huko huko ndiko kunakomtoa. Huondoka pale anapotegemewa kupita anavyoweza, au pale anapotambua kwamba hakuna tena anayemngoja. Sababu nyingine karibu zote, ukizifuatilia, zinarudi kwenye hizo mbili.

Kwa mtu wa Dar es Salaam, kuingia tu kulikuwa na kazi yake. World of Warcraft ilitoka Marekani Novemba 2004 na kufika Ulaya Februari 2005, lakini intaneti yetu wakati huo ilikuwa inapita angani. Setilaiti za mawasiliano za aina ile hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Amri yako inapanda na kushuka, kisha jibu nalo linapanda na kushuka, na nusu sekunde imeshapotea njiani hata kabla ya foleni za mitambo ya huku chini. Anayesoma barua pepe hatajua. Anayemtibu mwenzake anayechanwa na joka atajua, maana mwenzake atakuwa amekufa. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi, Dar es Salaam ikiwa moja ya vituo vyake, na mwaka uliofuata ukafuata wa EASSy. Ulipoanza huo wa SEACOM ndipo nilipoingia kwa dhati, kwenye seva za Ulaya. Ada ilikuwa yuro 12.99 kwa mwezi, karibu shilingi 25,000 kwa viwango vya siku zile. Kadi ya benki ya kulipia mtandaoni sikuwa nayo, kwa hiyo binamu yangu aliyekuwa Ujerumani alininunulia kadi za siku 60 na kunitumia namba zake kwa simu.

Mhusika wangu alikuwa mganga. Katika mchezo ule kuna wanaopiga, kuna wanaosimama mbele kupokea mapigo, na kuna sisi tunaotazama afya za wengine zikishuka na kuzipandisha. Wanaopiga hupatikana kwa wingi. Waganga ni wachache, kwa sababu lawama zao ni nyingi. Uvamizi mkubwa wa ngome ulihitaji watu 25 kwa wakati mmoja, na kati yao waganga watano au sita. Mpigaji mmoja asipokuja, safari inaendelea. Waganga wawili wasipokuja, watu 23 wamekaa kitako mbele ya lango wakingoja.

Chama chetu kilikuwa na mwalimu wa Uholanzi aliyekuwa kiongozi, nesi wa Ufini, mstaafu mmoja wa Ureno, ndugu wawili wa Poland, na wengine wa huku na huku. Tulikutana saa mbili usiku kwa saa za Paris. Kwangu Magomeni, Dar es Salaam, hiyo ni saa nne usiku, na wao wakisogeza saa zao msimu wa joto inakuwa saa tatu. Tulizungumza kwa vipaza sauti, kila mtu na Kiingereza chake, na baada ya muda kiongozi alipotaka tuanze alisema "twende", kwa kuwa alinisikia nikisema mimi na akalipenda.

Desemba 2009 ilifunguliwa Icecrown Citadel, ngome ya barafu, na kileleni mwake alikuwa amekaa Arthas, Lich King, mwana wa mfalme aliyemwua baba yake mzazi. Njia ya kumfikia ilifunguliwa mapema 2010. Kuna jambo moja katika pambano lile ambalo linaeleza michezo hii kuliko maelezo yangu yote. Mara kwa mara Arthas humchagua mtu mmoja na kumwaga weusi sakafuni chini ya miguu yake. Mtu huyo akitoka mara moja, doa hubaki dogo. Akichelewa, doa hukua kila linapogusa mtu, na likishapamba moto hufunika jukwaa na kuwaua wote. Watu 25 wamepigana kwa dakika kumi na zaidi, na mmoja aliyesinzia kidogo, au aliyegeuka kumjibu mtoto, au ambaye intaneti yake imekwama, anawarudisha wote mwanzo. Kisha mnafufuka, mnakimbia kurudi, mnakula, mnakunywa dawa, mnaanza tena.

Na hizo dawa hazitoki hewani. Kila kifo huharibu silaha na mavazi, na fundi hulipwa dhahabu. Dawa hupikwa kwa majani yanayotafutwa milimani, na jani moja adimu, Frost Lotus, lingeweza kukumalizia jioni nzima usilipate. Kwa hiyo nyuma ya saa tatu za uvamizi palikuwa na saa nyingine nyingi za kuchuma, kuchimba na kufanya vibarua vya kila siku ili uje vitani umetimia. Ukija mikono mitupu, wenzako wanajua.

Nisieleweke vibaya: tulifurahi sana. Arthas anapobakiza sehemu ya kumi ya uhai wake, huwaua wachezaji wote kwa pigo moja ambalo hakuna anayeweza kulizuia. Mara ya kwanza unadhani mmeshindwa. Kisha roho ya baba yake inatokea, inawafufua, na mnainuka wote pamoja kummaliza. Tulipofika hapo, vipaza sauti vilijaa makelele ya lugha ambazo sizijui, na mzee wa Ureno akawa anarudia jina la kila mmoja wetu, mmoja baada ya mwingine, akishukuru. Nimewahi kuwa katika timu za mpira, kamati za harusi, vikundi vya kazi. Sijawahi kuona watu wa mbali namna ile wakiwa karibu namna ile.

Aliyetangulia kuondoka alikuwa nesi. Alikuwa mganga kama mimi, na zamu zake hospitalini hazikufuata kalenda ya chama. Akiwa zamu ya usiku tulilazimika kuahirisha, na hakuna aliyemkaripia, lakini ujumbe wa upole kutoka kwa watu ishirini nao ni mzigo. Nilimsikia akianza kuomba ruhusa kwa kiongozi wetu kwa sauti ya mtu anayemwomba ruhusa msimamizi wa wodi: samahani, nitajaribu kubadilishana, nitafidia wiki ijayo. Mtu anayetoka kuwahudumia wagonjwa wa kweli alikuwa akirudi nyumbani kuwahudumia wengine 24, na hao pia walikuwa wakimwandikia asipofika. Wiki moja hakuonekana, na iliyofuata vilevile. Daftari likaendelea kuhesabu.

Kiongozi alifuata, na hili ningependa walio nje ya michezo hii walielewe, kwa sababu ndilo linaloua vyama vingi. Mwalimu yule alikuwa ameacha kucheza muda mrefu kabla hajaacha mchezo. Alipanga ratiba. Aliamua nani aingie na nani akae benchi usiku ule, kisha akasikiliza malalamiko ya wa benchi. Alisuluhisha wapenzi waliokutana chamani na kugombana chamani. Alisoma takwimu za kila pambano ili ajue nani amezembea, na alitafuta namna ya kumwambia bila kumvunja moyo. Asubuhi alikuwa darasani mbele ya watoto. Sisi tulikuwa na usiku wa kazi na usiku wa starehe. Yeye hakuwa na usiku wa starehe. Wanaobeba vyama ndio wanaochakaa mapema, na wakienda wao, wanaobaki hugundua kwamba walichokuwa wanakiita mchezo kilikuwa kwa sehemu kubwa jasho la mtu mmoja.

Halafu kuna mgawo wa nyara. Adui mkubwa akianguka huacha vitu vichache, na mikono iliyomwangusha ni 25. Tangu enzi za EverQuest, mchezo uliotoka 1999, wachezaji wamekuwa wakijiwekea hesabu ya pointi: unahudhuria, unakusanya, kisha unazitumia zamu yako ikifika. Aliyekulia mtaa wenye upatu anaielewa hesabu hii bila kufundishwa, pamoja na hofu yake: yupo atakayepokea zamu yake kisha asionekane tena. Kwetu alikuwa mmoja wa wale ndugu wa Poland. Alipata upinde ambao chama kizima kilikuwa kimempigania, na mwezi haukwisha akahamia chama kikubwa zaidi. Ndugu yake alibaki, akiomba radhi kwa kosa lisilo lake, hadi naye akachoka kuomba radhi.

Mama alikuwa anaamka kabla ya alfajiri, na usiku mmoja alinikuta bado niko mezani na visikilizio masikioni. Akaniuliza, "Hao unaozungumza nao, wana kwao?"

"Wanako, mama."

"Basi waache wakalale, mwanangu. Na wewe kalale."

Hakuwa amekasirika. Aliwahurumia wao kama alivyonihurumia mimi, na ninaona aliuliza swali sahihi. Sote tulikuwa na kwetu. Sote tulikuwa tukijinyima usingizi ili tusiwe yule mmoja aliyewaangusha wenzake.

Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kutokea, ya anayengojwa kupita kiasi. Ya pili ni ya kimya zaidi, na nyingi ya sababu zake hutoka kwenye kanuni za mchezo wenyewe. Desemba ile ile ya 2009 kililetwa kifaa cha kutafutiana watu kwa ajili ya mapango madogo ya watu watano. Kabla yake ilibidi utangaze mjini, usubiri, ujadiliane, kisha msafiri hadi mlangoni. Ilichosha. Lakini watu wa seva moja walifahamiana. Mwizi alijulikana kuwa mwizi na mganga hodari alikumbukwa kwa jina. Baada yake ulibonyeza kitufe ukaunganishwa na wageni wanne kutoka seva nyingine, mkamaliza pango kwa dakika ishirini, mkatawanyika. Nimepita mapango mazima na watu ambao hatukusalimiana hata kwa neno moja. Kwetu sisi, mtu akipita barazani bila salamu tunajua kuna tatizo. Pale likawa jambo la kawaida, na wengi walilipenda kwa sababu liliokoa muda. Naelewa. Ila mtu ambaye hakuna anayemfahamu, siku akikosekana hakuna atakayeuliza.

Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2010, ikatoka nyongeza ya Cataclysm. Kabla yake, kikosi cha watu 25 kilipata silaha bora kuliko cha watu 10, na mtu angeweza kwenda na vyote viwili wiki moja. Sasa nyara zikasawazishwa na ikabidi uchague kimoja. Nia ilikuwa njema: vyama vidogo vipate haki yao. Lakini vyama vya watu thelathini kama chetu vikaona kwamba safari ya watu 10 ni rahisi kupanga, na swali likawa ni 10 wepi. Mikono ya mstaafu wa Ureno ilikuwa imeanza kuwa mizito. Katika watu 25 uzito huo ulifunikwa na wengine. Katika watu 10 haukuwa na pa kujificha. Hakuna aliyemtukana wala kumfukuza. Hakuitwa tu. Kwa majuma kadhaa alikuwa akiingia kila jioni, anasalimia, kisha anakwenda kuvua samaki kwenye bandari ya mji wa Stormwind, akingoja labda mtu akose. Siku moja na yeye jina lake likafifia.

Oktoba 2010 Blizzard, watengenezaji wa World of Warcraft, walitangaza kwamba wanachama wanaolipa wamefika milioni 12. Baada ya hapo idadi hiyo ilianza kushuka. Mwishoni mwa 2011 walikuwa wamebaki kidogo zaidi ya milioni 10, na mwaka 2015, walipofika milioni 5.5, kampuni ilisema haitatangaza tena idadi hiyo. Walioondoka walikuwa na sababu nyingi, na simu za kisasa na michezo mipya ilichangia. Mimi katika hesabu ile ninamwona mzee mmoja na fimbo yake ya kuvulia.

Richard Bartle, ambaye pamoja na Roy Trubshaw alitengeneza dunia ya kwanza ya aina hii, MUD, katika Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1978, aliandika mwaka 1996 kwamba wachezaji ni wa namna nne: wanaotafuta mafanikio, wanaochunguza dunia, wanaofuata watu, na wanaotaka kuwashinda wengine. Kwa niliyoyaona, kila mmoja ana mlango wake. Mwenye mafanikio huondoka akigundua kwamba kila nyongeza mpya inafanya silaha yake ya jana kuwa takataka. Mchunguzi huondoka dunia inapokwisha, na huyu ndiye anayeondoka kwa amani. Mshindani huondoka akikosa wa kumshinda. Anayefuata watu hukaa kuliko wote, hata mchezo ukiharibika, hata akiwa haupendi tena, mpaka mtu wa mwisho aliyemfuata azime kompyuta. Ndiye anayeumia zaidi.

Kwa upande wangu kulikuwa na sababu ya huku kwetu. Mwaka 2011 mgao wa umeme ulikuwa mkali. Umeme ukikatika katikati ya pambano, huko Ulaya mganga wao anasimama ghafla kama sanamu na watu wanakufa mbele yake bila kujua kimetokea nini. Walinivumilia kwa wema mkubwa. Lakini sikuweza kuwaahidi watu kitu ambacho hakimo mikononi mwangu, nikaomba niwekwe akiba, na wa akiba polepole anakuwa mgeni. Nadhani hii ni sehemu ya sababu michezo hii haikuwahi kuota mizizi kwetu kama ile ya mpira kwenye vibanda vya PlayStation. Kibandani mpinzani wako umekaa naye bega kwa bega, unalipia mchezo mmoja mmoja, na taa zikizimika zimezimika kwa wote wawili.

Wapo ambao kuacha kwao kulikuwa dawa, nao nawaheshimu. Shirika la Afya Duniani liliingiza tatizo la uchezaji katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa 2019: mtu ameshindwa kujizuia, mchezo umetangulia mbele ya kila kitu, na anaendelea ingawa unamwangamiza, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Nilimjua kijana wa chamani aliyeacha chuo. Alipoacha mchezo tulifurahi, na tuliokuwa tukimtegemea tulipaswa kuwa wa kwanza kumwambia aende. Wazazi wanaoniuliza kuhusu watoto wao huwa nawaambia waanze kwa kuuliza nani anamngoja mtoto humo ndani. Kumnyang'anya kompyuta bila kujua hilo ni kumwondoa kijana katikati ya watu aliowaahidi jambo, na hatakuelewa.

Wengi wetu tulijaribu kurudi. Mwaka 2013 watengenezaji wa mchezo mwingine wa namna hii, RuneScape, baada ya kura zaidi ya 400,000 za wachezaji, walifufua mchezo wao kama ulivyokuwa Agosti 2007. Agosti 2019 World of Warcraft nayo ikafungua Classic, dunia ya zamani, na nilikuwamo. Milima ilikuwa pale pale, na muziki ule ule. Niliandika majina ya wenzangu kwenye kisanduku cha kutafuta marafiki, moja baada ya jingine, na hakuna lililojibu. Nilicheza majuma machache nikafunga, safari hii bila uchungu. RuneScape ya zamani imestawi hadi leo, na nafikiri ni kwa sababu wengi waliorudi walirudi kwa pamoja.

Wengine waliondolewa na kifo. Novemba 2014 alifariki Norwei kijana wa miaka 25, Mats Steen, aliyekuwa na ugonjwa wa misuli wa Duchenne. Wazazi wake waliamini kwamba ameishi mpweke. Walipotangaza kifo chake mtandaoni, zilimiminika rambirambi kutoka kwa watu wa nchi mbalimbali waliomjua kama Ibelin katika World of Warcraft, na baadhi yao walisafiri hadi mazishini. Filamu ya maisha yake ilitoka 2024. Niliitazama nikiwafikiria nesi, mwalimu na mzee wa Ureno. Sijui walipo, wala kama mzee bado yu hai, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyeaga.

Kwetu mgeni haondoki bila kuaga, hata kama alikaa usiku mmoja. Wewe unayecheza leo na unahisi umefika mwisho, una haki ya kuondoka, na usimruhusu mtu akuite mvivu au msaliti. Ila kabla hujafunga akaunti, ingia jioni moja wakati wenzako wapo. Waambie unaondoka na kwa nini. Waachie namba ya simu au anwani ambayo watakupata. Na wewe unayebaki, ukiona jina limefifia wiki ya pili, mwandikie mwenye jina hilo umuulize hali, na usimuulize atarudi lini.